Udongo wa Kagezi Ulivyorudi kwa Wenyewe

Walisema sitaweza. Pale stendi ya Kamembe, mji wetu huku Rwanda, walisema kwa kicheko, na kule mlimani walisema kwa upole, jambo ambalo huuma zaidi. "Huyu muntu alizaliwa Kongo, akasomea Kongo, udongo ya huku ataijulia wapi?" Mzee Saidi, fundi wa mabati pale sokoni, ambaye baadaye alikuwa rafiki yangu mkubwa, aliniambia usoni mbele ya wateja wake: "Papa, shimo ya dhahabu haijazwi. Shimo ya dhahabu inaachwa. Mie sijaona muntu alirudisha mulima mahali yake." Watu wakacheka. Nikachukua misumari yangu nikaondoka.

Leo nimestaafu. Kutoka mlangoni kwangu naliona bonde la Kagezi lote, kuanzia pale kijito kinapotoka msituni hadi kinapokunja kuelekea Gikundamvura, na lote ni kijani. Vijana wanaopita pale wanadhani lilikuwa hivyo tangu kuumbwa. Ndiyo maana naandika, ili wajue kwamba kuna mtu aliyelifanya, kwamba mtu huyo alikuwa na diploma, na kwamba diploma hiyo hakupewa na mjomba wake.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Kivu ambako wazazi wangu walikimbilia kabla sijazaliwa. Nilikuwa nimetoka shule ya ufundi na diploma yangu ya A2, yaani ya sekondari ya ufundi, ya migodi, nimeitia ndani ya nailoni isiloane, na viatu vyangu vilikuwa vipya. Kapita, maana yake msimamizi wa wafanyakazi, alikuwa mzee mwenye miguu iliyopauka kwa maji. Alinitazama kuanzia viatuni kwenda juu.

"Diploma yako unaishika na mukono gani?"

"Wa kulia, Kapita."

"Muzuri. Na ule wa kushoto ushike karai."

Karai la kuoshea dhahabu halishikwi kwa mkono mmoja. Niliweka diploma juu ya jiwe, nikavua viatu, nikaingia majini hadi mapajani. Kabla ya mwezi kwisha nilikuwa naosha sawa na watu waliokuwa na umri wa baba yangu, na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa msaidizi wa Kapita mwenyewe. Sijui mwingine aliyepanda haraka hivyo. Kama yupo, na aandike yake.

Nieleze kidogo kazi yenyewe, maana leo watu wakisikia mgodi wanafikiria mahandaki. Dhahabu ya kijitoni haivunjwi kwenye mwamba. Maji yenyewe yameshaivunja huko juu mlimani, miaka na miaka, yakaiteremsha pamoja na mchanga na mawe. Na kwa kuwa ni nzito, huzama hadi chini kabisa ya changarawe, ikalala juu ya mwamba. Ili uifikie, kwanza unaondoa udongo wa shamba, kisha udongo wa mfinyanzi, kisha changarawe ya juu ambayo haina kitu. Ile ya chini ndiyo unayoiosha. Unaimwaga katika sanduku refu la mbao lililoinama, lenye blanketi sakafuni na vijiti vilivyopigiliwa kulivuka. Maji yanapita, matope na mchanga mwepesi vinakwenda zao, mawe yanatupwa kando, na kilicho kizito kinakwama nyuma ya vijiti. Mwoshaji mzuri anajulikana kwa mawe anayoyaacha: yawe meupe, safi, kama yamelambwa.

Kila jioni tulikuwa na desturi tuliyoiita kuonyesha karai. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda nyumbani kabla makundi yote hayajasimama kwa duara. Kila kundi lilileta karai lake lenye mchanga mweusi wa mwisho, likaliinamisha taratibu mbele ya wote mpaka ule mstari wa manjano utokeze. Desturi ilianzishwa kuzuia wizi, lakini kwetu ilikuwa sherehe. Kundi lenye mstari mnene lilishangiliwa. Kundi lenye mstari mwembamba lilitukanwa hadi njia panda: "Leo hamukuosha muchanga, muliosha miguu!" Nimewaona wanaume wazima wakirudi majini asubuhi kabla ya chai kwa sababu ya aibu ya jana.

Wakati wa kurudi Rwanda ulipofika, nilirudi na mke, batoto, godoro na diploma. Kazi yangu ya kwanza huku ilikuwa Rwimbogo, kwenye machimbo ya mawe ya barabara, chini ya shefu wa shantie, yaani mkuu wa eneo la kazi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alinifundisha somo lake lote siku moja ya mvua, tumejikinga chini ya kipande cha bati: "Jiwe inapitisha maji. Udongo inashika maji. Ukijua hiyo, unaweza kujenga. Usipojua, kaa nyumbani." Nililijua tayari kutoka shuleni, lakini nilimwacha anifundishe. Heshima haigharimu kitu.

Kutoka hapo nikachukuliwa na kampuni iliyokuja kuosha dhahabu ya Kagezi. Mkurugenzi wake alikuwa mtu mrefu ambaye hata kwenye jua hakuvua koti. Alikuwa na mashine na kibali, ila hakuwa na ardhi, kwa sababu kingo zote mbili za kijito zilikuwa mashamba ya watu. Akaniita.

"Wewe unaongea Kinyarwanda yao na Kiswahili yetu. Uende uwaombe. Uwaambie tutarudisha kama tulivyoikuta."

"Kweli tutarudisha, Mkurugenzi?"

"Si umesomea? Utarudisha wewe."

Alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua naweza.

Kule mlimani shamba haliazimwi kwa karatasi peke yake. Anayeazima analeta pombe ya ndizi, wenye ardhi wanakaa, majirani wanakaa, na kibuyu kinazunguka. Mwazimaji anasema kwa kinywa chake mwenyewe anachukua nini na atarudisha nini, kisha anakunywa mbele yao. Kampuni haina kinywa. Kinywa kilichosema kilikuwa changu. Nilisimama nikasema: "Nachukua udongo unaolimwa. Nitarudisha udongo unaolimwa." Nikanywa. Maman Verediana, mjane aliyekuwa na shamba la chini kabisa, kwenye kona ya kijito, aliniuliza jina la kilima nilikojenga nyumba. Nikamwambia ni hiki hapa, nyumba yangu ile yenye mlango wa bluu. "Sawa," akasema. "Nitajua pa kugonga."

Basi tukaosha Kagezi. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa maji na masanduku, na kwa fahari nasema hakuna siku mfereji wangu ulikatika. Lakini Mkurugenzi alikuwa na haraka. Alitaka masanduku yainame sana ili maji yakimbie. Nilimwambia maji yakikimbia hivyo yanaondoka na dhahabu laini, ile inayofanana na unga. "Unga nitauacha ubaki," akajibu. "Mie nataka bikubwa." Vikubwa vilipopungua, mashine zikapakiwa, koti likapanda gari, na kampuni ikaondoka. Nyuma yake ilibaki safu ya mashimo yaliyojaa maji ya kijani, na vilima vya mawe, mchanga na tope ambavyo hata mbuzi hawakuvipanda. Udongo wa shamba ulikuwa umerundikwa pembeni, nyasi zimeuota.

Wenye mashamba hawakwenda kuitafuta kampuni. Walikuja kwenye mlango wa bluu. Maman Verediana alikuwa mbele.

"Papa Diploma," akasema, na tangu siku hiyo jina hilo halikuniacha, "udongo yetu iko wapi?"

Mke wangu aliniambia baadaye kwamba tungeweza kuhamia Kamembe, au kuvuka kwenda Bukavu kwa ndugu zake. Wengine wangefanya hivyo. Lakini mimi nilikuwa nimerudi katika nchi hii ili nikae, na sikuwa tayari kupita njia ile maisha yangu yote nikizunguka nyuma ya migomba ili nisikutane na watu niliokunywa mbele yao. Nikawaambia: "Neno langu bado liko. Nipeni muda."

Hapo ndipo kicheko cha Kamembe kilipoanza. Lakini mimi nilikuwa na kitu ambacho wachekaji hawakuwa nacho: nilijua ule unga wa Mkurugenzi bado uko ndani ya vilima vile, katikati ya mchanga na tope. Nilikwenda wilayani, nikaeleza mpango wangu kwa michoro niliyochora mwenyewe, na kibali kikatoka. Nikawakusanya waoshaji wa zamani waliobaki bila kazi, wengi wao wakiwa wamerudi kutoka Kongo kama mimi, nikawaunda kuwa koperative. Mpango ulikuwa huu: tunaosha upya mabaki kwenye masanduku yenye mwinamo mdogo, dhahabu laini inawalisha wafanyakazi, na mawe yaliyooshwa yanarudi shimoni. Kila tunachoosha ni kile tunachofukia. Zebaki nilikataza kabisa, ingawa inakamata dhahabu laini kwa urahisi, kwa sababu ni sumu, na pale panatakiwa kuota chakula. Mzee Saidi alinitengenezea masanduku. Alipigilia huku akiendelea kunicheka, lakini alipigilia vizuri.

Tulianza na shamba la Maman Verediana kwa kuwa lilikuwa la chini. Kiongozi wa waoshaji alikuwa Karoli, mwanaume mwenye mabega kama mlango, aliyeosha dhahabu tangu alipoota ndevu. Kazi ilikwenda upesi kuliko nilivyotarajia. Shimo lilijaa mawe hadi juu, tukatandaza udongo wa shamba tuliouokoa pembeni, Maman akapanda maharage. Watu wakaja kuangalia. Karoli alisimama akipokea pongezi kama bwana harusi.

Kisha mvua ikanyesha, mvua ya kwetu, ile ya alasiri moja. Kesho yake shamba halikuwepo. Hapakuwa na korongo wala alama ya maji kupita juu yake. Udongo ulikuwa umezama wima, umeingia katikati ya mawe kama chumvi kwenye mchuzi, pamoja na mbegu. Kilichobaki juu ni mawe meupe.

Maman Verediana aliyatazama, akanitazama.

"Papa Diploma, niliazimisha shamba, unanirudishia barabara?"

Kilima kizima kilicheka. Hata mimi ningecheka, kama kosa lisingekuwa langu.

Nilishuka ndani ya shimo la jirani lililokuwa likijazwa, nikachukua jiwe moja, nikaligeuza mkononi. Halikuwa na hata chembe ya tope. Nikachukua jingine, vilevile. Nikamwita Karoli.

"Haya mawe mliyaosha mara ngapi?"

"Mbili, Papa! Mara ya kwanza ya dhahabu, mara ya pili ya kuyarudisha muzuri." Uso wake ulikuwa na fahari. "Ata jiwe moja haiko na uchafu. Bintu ya bantu inarudishwa safi."

Hapo nilielewa. Hakuna mkulima ambaye angefanya kosa hilo, na hakuna mwoshaji ambaye asingelifanya. Kwa mwoshaji, tope ni adui. Amefundishwa tangu ujana kulifukuza mpaka jiwe ling'ae. Watu wangu walikuwa wamechukua kile ambacho shamba limetengenezwa nacho, wakakituma chote na kijito kwa mikono yao wenyewe, kwa heshima kabisa. Na jiwe, kama shefu wa Rwimbogo alivyosema, linapitisha maji. Sasa lilikuwa limepitisha na shamba.

Diploma yangu ilifanya kazi wiki ile. Nilichora mabwawa ya kutulizia, moja chini ya jingine kama ngazi, yenye kuta za mawe na majani. Maji machafu yanayotoka kwenye sanduku yanaingia bwawa la kwanza yakiwa mekundu, yanapumzika, yanaangusha tope zito. Yanaingia la pili, yanaangusha tope laini. Yanatoka la mwisho yakiwa yanafaa kufulia. Kinachobaki chini ya mabwawa kinachotwa kwa vikapu na kurudi shimoni. Kila tabaka la mawe linafuatwa na mchanga, kisha tope, na watu wanalikanyaga tope kwa miguu mpaka lizibe kila mwanya. Juu ya yote kunawekwa udongo wa shamba na samadi. Mchoro ulikuwa mzuri. Ninao hadi leo.

Shida haikuwa mchoro. Karoli alikunja mikono.

"Papa, mie ni muoshaji. Baba yangu alikuwa muoshaji. Unataka nibebe uchafu ku kichwa, ba Maman ba soko banione?"

"Ni udongo, Karoli."

"Ni uchafu ya muchanga. Ata batoto banajua."

Siku tatu za kwanza vikapu vilirudi nusu. Wengine walikwenda bwawani wakarudi na mawe kwa sababu mawe yaliwapa heshima zaidi. Ningeweza kupiga kelele, kama Mkurugenzi. Badala yake nilikumbuka watu wangu wamelelewa wapi. Jioni ya nne nilipiga filimbi, nikawaambia wasimame kwa duara.

"Tunaonyesha karai," nikasema.

Walitazamana. Dhahabu ya siku ilikuwa imeshafungiwa. Nikaweka kikapu katikati. "Kila kundi lilete tope lake. Mbele ya wote."

Kisha kundi la kwanza likaleta kikapu chao, tope zito, jeusi, limejaa. La pili likaleta chao. Kundi la Karoli lilileta kikapu chenye tope kidogo lililofunika mawe. Mtu akaingiza mkono, akatoa jiwe, akaliinua juu watu wote walione.

"Karoli! Leo muliosha miguu!"

Duara lote lilipasuka kwa kicheko, na kicheko hicho kilimfuata Karoli hadi nyumbani kwake. Kesho yake nilipofika kazini nilimkuta ndani ya bwawa la pili hadi kiunoni, anapiga kelele kwa kundi lake: "Chini! Chota ya chini, ile njo iko nzito!" Tangu siku hiyo hakuna aliyeniambia tope ni uchafu. Walianza kubishana ni bwawa lipi lina tope zuri zaidi, wakalionja kwa vidole kama wapishi. Hilo halikuandikwa kwenye diploma yoyote; nililifikiria mimi mwenyewe.

Tulifukia Kagezi shimo kwa shimo kwenda juu, misimu ya mvua ikituzuia na kutupima. Mashamba ya juu yalishika. Mahindi yalitoka, viazi vitamu vikatambaa. Kila mwenye shamba alipokuwa tayari, nilileta pombe ya ndizi, kibuyu kikazunguka upande wa pili sasa: yeye ndiye aliyepiga jembe, akasema "Nimepokea," akanywa. Wafanyakazi vijana wa miradi walikuja kujifunza, nikawafundisha. Mzee Saidi alipanda mlima kwa miguu yake, akatembea shambani akikanyaga kwa nguvu kama anayejaribu sakafu, kisha akasema tu, "Hm." Kutoka kwake hiyo ni hotuba.

Vijana wanaoingia kazi za migodi leo wana mashine ambazo sisi hatukuota. Nawaambia jambo moja: kutoa ardhini ni nusu ya ufundi, na ni ile nusu nyepesi. Kampuni nyingi zinajua nusu hiyo. Mimi nimefanya zote mbili, nimestaafu nikiwa nimefanya zote mbili, na nikisimama mbele ya injinia yeyote siangalii chini. Walioniona nikiuza misumari sokoni ili niendeshe kazi wakati dhahabu ilipopungua wanajua nilikotoka. Niliinuka kwa akili yangu na mgongo wangu.

Lakini lilibaki shamba moja. Maman Verediana alikataa kupokea. Tulikuwa tumelifukua lote tena na kulijenga upya tabaka kwa tabaka, tope la bwawa la mwisho, lile laini kuliko yote, likiwa lake. Wote walikuwa wamekunywa, yeye akaweka kibuyu chini.

"Mie nilishapokea mara moja," akasema. "Mvua ikanyanganya. Tungoje mvua."

Bila neno lake, neno langu lilikuwa bado nje. Nilingoja. Siku za jua kali zilinichosha kuliko kazi yoyote. Kisha mawingu yakaja kutoka upande wa Kongo, alasiri moja, na mvua ikashuka juu ya Kagezi kama mtu amemwaga ndoo. Nilisimama mlangoni nikaitazama mpaka sikuliona bonde. Mke wangu aliniambia nikae chini, nikakaa, nikasimama tena.

Asubuhi niliteremka. Yeye alikuwa ameshafika, kitenge kimefungwa kiunoni, jembe begani. Karoli na wenzake walikuwa wamesimama pembeni ya njia. Shamba lilikuwa jeusi, limelala palepale, lina alama za matone tu. Sikutia mguu. Nilimwachia yeye.

Maman Verediana aliingia hadi katikati. Akapiga jembe. Likazama kwa sauti ile nene ambayo mkulima yeyote anaijua. Akaligeuza, akainama, akachukua bonge la udongo, akalikamua kiganjani, likashikana. Akapiga tena pengine, na pengine tena, hadi kwenye kona ya kijito. Aliporudi alichukua kibuyu mikononi mwangu.

"Nimepokea," akasema, akanywa.

Karoli alipiga kelele ya furaha, wote wakaingia kumpongeza, na mimi nikaingia pamoja nao, nikasimama katikati ya shamba nikiangalia bonde lote, juu hadi msituni, nikijua hapana mtu hata mmoja kando ya kijito hiki anayenidai. Nilitaka kusema maneno machache. Nilikuwa nayo mazuri.

Maman Verediana alikuwa ameshaanza kupanda. Aliinua kichwa, akaniona.

"Papa Diploma," akasema, "toka ku shamba yangu. Unanikanyagia."

Nikatoka.